Kumpima mtoto akili kwa WISC-V: unalipia nini, unapata nini, na nini usikubali

Naandika hii kwa wazazi ambao wameitwa shule wakaambiwa "mtoto wenu mzito, kampimeni akili kwanza ndo tujue tunafanya nae nini". Sisi tumepita hapo na kijana wetu wa miaka tisa, anasoma inglishi midiamu moja hapa Dar ambayo sitaitaja, na kipimo alichofanyiwa ni WISC-V, ndo kipimo cha IQ cha watoto kinachotumika sana duniani, cha kuanzia miaka 6 mpaka 16, kwahiyo hata ukienda kituo kingine kuna uwezekano mkubwa utakutana nacho hichohicho. Kituo nacho sikitaji kwa sababu nina mazuri na mabaya ya kusema, nachotaka mzazi ajue kitu chenyewe kinavyofanya kazi kabla hajatoa hela, maana hela yake ni laki kadhaa na ukifika pale umeshachanganyikiwa unasaini tu.

Hukumu yangu naitoa mapema. Mpimaji nampa nyota nne na nusu, kipimo chenyewe nyota tatu na ntaeleza kwa nini, huduma ya mapokezi nyota mbili. Shule ilivyotaka kuitumia ile namba siipi nyota hata moja.

Kwanza nitoe onyo la vipimo vya kwenye simu, maana najua wengi ndo mnaanzia huko na mimi nilivifanya makusudi nione tofauti. Unapewa maumbo, mduara ndani ya pembetatu, mistari inageukageuka, kisanduku kimoja kiko wazi, unachagua kinachojazia. Aina hiyo ya maswali asili yake ni ya heshima kabisa, inatokana na kipimo cha Raven's Progressive Matrices ambacho Muingereza John Raven alikitoa mwaka 1938, kile cha kawaida kina maswali 60 kwenye seti tano za maswali 12 na hakina maneno ndani ya maswali. Hawa wa kwenye simu wamechukua sura ya maswali tu. Ukimaliza unaambiwa matokeo yako tayari, weka kadi ya benki. Binamu yangu aliweka, akapewa 134 na cheti, halafu wakawa wanamkata kila mwezi mpaka akaenda benki kufunga kadi. Na hiyo 134 haina pa kusimama, kwa sababu IQ ni namba ya kulinganishwa, inakuambia wewe uko wapi ukiwekwa pamoja na watu wa umri wako waliofanya kipimo hichohicho kwa masharti yaleyale, sasa kama tovuti haisemi imekulinganisha na kina nani basi imekupa namba ya kukufurahisha ulipie. Mtoto msimpe kabisa vitu hivi.

Na hapo kwenye kulinganishwa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndo roho ya kipimo chote na ndo kitu nisichoambiwa mapokezi. Mwanzoni kabisa hesabu ilikuwa ya mgawanyo. Mjerumani William Stern mwaka 1912 alisema chukua umri wa akili wa mtoto gawanya kwa umri wake wa kuzaliwa, baadae Lewis Terman wa chuo cha Stanford kule Marekani mwaka 1916 akazidisha mara 100 ili kuondoa desimali, kwahiyo mtoto wa miaka 8 anayejibu kama wa miaka 10 anapata 125. Kwa watoto inakwenda kwenda, kwa mtu mzima inavunjika, maana hakuna mtu wa miaka 40 mwenye "akili ya miaka 60". David Wechsler, mzaliwa wa Romania aliyekuwa anafanya kazi hospitali ya Bellevue New York, alipotoa kipimo chake mwaka 1939 akaachana na mgawanyo, akaangalia tu umekaa mbali kiasi gani na wastani wa watu wa umri wako. Wastani akaupa 100, na hatua moja ya mtawanyiko (yaani kipimo cha watu wametapakaa umbali gani kutoka kwenye wastani) akaipa pointi 15. Kwahiyo kwenye watu 100, kama 68 wanaangukia kati ya 85 na 115, kama 95 wako kati ya 70 na 130, na wanaobaki ndo wachache wa huku na huku. WISC-V ni mjukuu wa kazi hiyo, WISC ya kwanza ilitoka 1949 na hii ya tano ilitoka 2014, na kundi lake la kulinganisha lile la asili ni watoto 2200 wa Marekani. Shikeni hiyo, ntairudia.

Sasa chumbani. Tulipangiwa asubuhi, na hilo sisitizeni, msikubali mtoto apimwe jioni ametoka shule na foleni. Mpimaji ni dada wa makamo, kijana akampa shikamoo na hapohapo akaanza kumuita anti. Kabla ya kitu chochote aliniuliza mtoto amelala saa ngapi, amekunywa chai, anaona vizuri, anasikia masikio yote mawili, ana dawa yoyote anatumia, na nyumbani tunaongea lugha gani tukiwa wenyewe, sio mbele ya wageni. Nikamwambia Kiswahili. Akaandika. Mzazi anakaa nje, lakini mlango ulikuwa na kioo, nikawa naona bila kusikia.

Akatoa vitofali vidogo vya plastiki, kuna pande nyekundu yote, kuna nyeupe yote, kuna zilizokatwa mshazari nusu nyekundu nusu nyeupe. Anaonyesha picha ya umbo, mtoto anapanga vitofali vifanane na picha, saa ya sekunde inakwenda. Kijana wetu ni wale wa kufungua rimoti ya tivii aone ndani kuna nini na kuirudishia, kwahiyo pale alikuwa amefika kwake. Nilimuona akishika tofali moja, analigeuza, analigeuza tena, anaangalia picha kwa kuinamisha kichwa, analiweka, hasemi kitu. Picha zikawa zinaongezeka ugumu na yeye anapanga tu. Na nilichopenda, uso wa yule dada haukubadilika hata mara moja. Alivyonieleza baadae, mtoto akipata hasemi umepata, akikosa hasemi umekosa, anasema tu umejitahidi, haya tuendelee. Akaniambia hiyo ni sheria ya kipimo, maneno ya kusema yameandikwa kwenye kitabu cha mpimaji na hatakiwi kuongeza yake, kwa sababu mpimaji wa hapa akimsaidia mtoto kidogo na wa kule asimsaidie, basi kulinganisha kote kunakufa.

Kisha likaja zoezi lingine lililonipa jibu la miaka yote ya malalamiko ya shule. Karatasi ina namba na kila namba ina alama yake, mtoto anajaza alama chini ya namba kwa penseli haraka awezavyo ndani ya dakika mbili. Penseli haina raba. Nilimuona kijana wangu anachora kila alama kama anaandika jina lake kwenye cheti, anabonyeza penseli mpaka vidole vinakuwa vyeupe, akiona mstari umepinda anataka kuurekebisha. Dakika mbili zikaisha yuko mwanzo mwanzo. Halafu nikakumbuka ubao wa darasani unavyofutwa hajamaliza kunakili, na madaftari yenye nusu ya kazi, na maoni ya ticha "hamalizi kazi zake" kwa kalamu nyekundu kila ukurasa.

Kulikuwa na mengine. Kurudia namba anazosomewa, kwanza kama zilivyo, halafu kinyumenyume, halafu azipange kuanzia ndogo. Kueleza vitu viwili vinafanana nini (mfano wangu mwenyewe wa kubuni, daladala na boti, maswali halisi siyaandiki na nawaomba mkiyajua msiyasambaze kwenye magrupu, mtoto aliyefundishwa majibu nyumbani anapewa ripoti ya uongo na msaada anaukosa). Kueleza maana ya maneno. Kuangalia mizani iliyochorwa na kusema kipi kinalingana uzito na kipi. Yote kwa yote ni saa moja na zaidi kidogo, kuna mapumziko ya maji.

Matokeo hayaji kama namba moja, na mkipewa namba moja tu kwenye karatasi rudisheni muombe ripoti kamili. Kuna sehemu tano: kuelewa na kutumia maneno, kuona na kupanga maumbo, kufikiri kwenye jambo jipya ambalo hujafundishwa, kushika vitu kichwani huku unavifanyia kazi, na spidi. Kila moja ina namba yake. Kijana wetu kwenye maumbo alipata 111, maana yake ukipanga watoto 100 wa umri wake anawapita kama 77. Kwenye spidi alipata 80, anawapita kama 9 tu. Zingine zilikuwa karibu karibu na wastani. Sasa mtoto mmoja ana 111 hapa na 80 pale, tofauti pointi 31, ukizichanganya ukapata namba moja ya jumla hiyo namba haimuelezi mtoto yeyote aliyewahi kuzaliwa. Mpimaji aliiandika kwa sababu fomu inataka, 93, lakini mbele yake akaandika kwamba kwa uhakika wa asilimia 95 iko kati ya 88 na 99, na chini yake akaandika kwa herufi nzito kwamba isitumike kufanyia maamuzi kwa sababu sehemu zimeachana mno.

Hapo ndo muelewe hasira yangu na shule. Wao walishatuambia kwa mdomo kwamba chini ya 90 wangetushauri "shule inayomfaa". Sasa namba iko kati ya 88 na 99. Siku nyingine mtoto ana mafua anapata 89 anafukuzwa, siku nyingine kalala vizuri anapata 95 anabaki, na ni mtoto yuleyule. Kipimo chenyewe kinajua namba yake inaweza kuyumba kidogo na kinalitangaza hilo, mtu anayeweka mstari kwenye 90 ndo hajui.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba kitu hiki kilizaliwa kwa kazi ya kinyume kabisa. Mwaka 1904 serikali ya Ufaransa iliunda kamati ya kushughulikia watoto wanaoshindwa kwenye shule za kawaida, na Alfred Binet na mwenzake Théodore Simon wakatoa kipimo chao mwaka 1905 ili wajulikane watoto wanaohitaji msaada wa ziada, wasihukumiwe kwa macho tu na walimu waliowachoka. Binet mwenyewe alipinga waziwazi wanaosema akili ya mtu ni kiasi kisichoongezeka, na alitengeneza mazoezi ya kuwajenga watoto wale. Alifariki 1911, na baada ya hapo kipimo chake kikavuka bahari kikaangukia mikononi mwa watu wenye nia nyingine. Marekani wanaume kama milioni 1.7 walipimwa jeshini wakati wa vita ya kwanza ya dunia, wahamiaji waliotoka meli wakaitwa wapungufu wa akili kwa maswali ya lugha na mambo wasiyoyajua, na mwaka 1927 mahakama kuu ya nchi hiyo kwenye kesi ya Buck na Bell ikaruhusu mwanamke afungwe kizazi kwa kuitwa mpungufu wa akili. Kule California ilibidi wazazi weusi waende mahakamani, na mwaka 1979 kwenye kesi ya Larry P. jaji akazuia IQ kutumika kuwapeleka watoto weusi kwenye madarasa ya wenye upungufu wa akili. Kwahiyo mzazi ukiambiwa "ni kipimo tu" uliza kitatumika kufanyia nini, na wakuandikie.

Nilimuuliza yule dada, sasa dokta, hiyo akili mnayopima ni nini hasa? Nilidhani atanisomea kitabuni, akaniambia ukweli kwamba wanasaikolojia wenyewe hawajawahi kukubaliana. Mwaka 1921 jarida moja la saikolojia ya elimu la Marekani liliwauliza wataalamu kadhaa wakubwa, na kila mtu akajibu lake, mmoja anasema kufikiri vitu visivyoshikika, mwingine uwezo wa kujifunza, mwingine kuendana na mazingira. Miaka miwili baadae mwanasaikolojia Edwin Boring akaandika kwamba akili ni kile vipimo vinachopima, na hata leo kuna watu wanaishia hapohapo. Wechsler alisema ni uwezo wa jumla wa mtu kutenda kwa kusudi, kufikiri kwa busara na kuyamudu mazingira yake, na mi hiyo naipenda, ila angalia vizuri, sehemu ya "kuyamudu mazingira yake" kwenye lile boksi la vitofali ipo kidogo sana.

Kitu ambacho wengi wao wanakubali ni kile alichokiona Charles Spearman Uingereza mwaka 1904, kwamba mtoto anayefanya vizuri somo moja mara nyingi anafanya vizuri na mengine, kwahiyo akasema kuna nguvu moja ya jumla nyuma ya yote, akaipa herufi g. Thurstone mwaka 1938 akasema hapana, ziko uwezo saba tofauti. Cattell akagawa mbili, ile ya kutatua jambo jipya na ile ya maarifa uliyolimbikiza kwa kusoma na kuishi. Halafu John Carroll mwaka 1993 akachukua data za tafiti zaidi ya 460 akazichambua upya na kukuta ni kama ghorofa, chini uwezo mdogomdogo mwingi, katikati uwezo mpana kiasi, juu kabisa ile g. Zile sehemu tano za ripoti ya mtoto wangu zimekaa kwenye ghorofa ya kati. Nilivyoelezwa hivyo ndo nikaelewa kwa nini ya juu peke yake haitoshi kumsaidia mtoto, mwalimu hawezi kufundisha g, anaweza kumuongezea mtoto muda wa kuandika.

Zile bango za "akili nyingi" za Howard Gardner, zinazosema akili ziko za aina nyingi, mnazoziona kwenye korido za shule za mjini, ya muziki, ya mwili, ya watu, za mwaka 1983, nazipenda kwa nia yake na zinampa mtoto heshima, ila wanasaikolojia wengi wa upimaji wanasema ushahidi wake ni mwembamba. Mkiuziwa "kipimo cha akili nyingi" cha alama za vidole, kimbieni. Alama ya kidole haina akili ya mtu ndani yake.

Turudi kwenye wale watoto 2200 wa Marekani. Mtoto wa Mbagala anayeota ndoto kwa Kiswahili analinganishwa na nani? Hili ndo limenifanya nikipe kipimo nyota tatu, na sio mimi tu nimeliona, limefanyiwa kazi hukuhuku kwetu. Mtafiti Robert Serpell mwaka 1979 alichukua watoto wa Lusaka na wa Manchester akawapa maumbo ya kuiga. Kwa karatasi na penseli, watoto wa Kiingereza walishinda. Kwa waya, watoto wa Zambia wakashinda, maana hao ndo wanaotengeneza vigari vya waya tangu wadogo, kila mtu mtaani kwetu anavijua vile vigari. Kwa udongo wakalingana. Kazi ileile ya kuona umbo na kulirudisha, umebadilisha kifaa tu na mshindi kabadilika. Sasa fikiria ningempima mtoto wangu kwa lile zoezi la penseli peke yake.

Usenge, kule Kenya upande wa ziwa Victoria, Robert Sternberg na wenzake walipima watoto 85 wa Kijaluo ujuzi wa dawa za miti shamba, ipi inatibu nini na inatumiwaje, kitu ambacho kijijini kinaokoa maisha. Waliokuwa wazuri kwenye dawa walielekea kuwa chini kwenye vipimo vya maneno ya shule, tafiti ilitoka 2001. Bagamoyo hapa jirani, timu ya Sternberg hiyohiyo, watoto 358 wa shule, wakawapima, wakawafundisha kidogo tu namna ya kuyaendea maswali, wakawapima tena, alama zikapanda, na ile alama ya baada ya kufundishwa ikawa inaeleza uwezo wa mtoto vizuri kuliko ya kwanza. Kwa maana nyingine mtoto wa kwetu mara nyingi hajawahi kukutana na mchezo wa namna hiyo, mpe nafasi aelewe kinachotakiwa kwanza ndo umpime. Na Kilifi watafiti walikaa wakarekebisha vipimo viendane na watoto wa pale, lugha yao, picha za vitu wanavyovijua. Inawezekana kabisa, inataka mtu akae afanye kazi.

Mpimaji wetu alilijua hili na ndo maana nampa nyota zake. Maelekezo ya vitofali na maumbo alimpa kwa Kiswahili, kwenye maswali ya maneno mtoto alipojibu kwa Kiswahili alipokea na kuandika, halafu kwenye ripoti akasema wazi kwamba alama ya maneno isihesabiwe kama uwezo wa mtoto kwa sababu kipimo kimetoka nje ya utaratibu wake wa asili na lugha sio ya nyumbani, akatumia zaidi ile hesabu ya jumla isiyo ya maneno ambayo WISC-V inayo ndani yake. Mpimaji asiyeuliza lugha ya nyumbani muogopeni.

Ulizeni pia toleo. Mtafiti James Flynn alionyesha miaka ya 1980 kwamba alama ghafi za watu, yaani kabla hazijalinganishwa na za wenzao, zilikuwa zinapanda kizazi hadi kizazi, kama pointi 3 kila miaka kumi kwenye nchi nyingi, na watafiti waliopima watoto wa Embu, Kenya, mwaka 1984 na tena 1998 wakakuta hata kule zimepanda, wakahusisha na lishe, na wazazi kujua kusoma, na afya za watoto. Maana yake kipimo kinazeeka. Kituo kinachotumia WISC-IV ya 2003, au fotokopi ya ile ya 1991 (zipo, nimeona moja kwa macho yangu kwenye kituo cha kwanza nilichotembelea), kinamlinganisha mwanao na watoto ambao sasa ni watu wazima wana watoto wao.

Mabaya ya kituo. Ripoti ilichelewa sana na kila nikipiga simu naambiwa kesho. Imeandikwa yote kwa Kiingereza kigumu, baba wa mtoto ilibidi nimsomee na kumfafanulia, kwa bei ile walau kurasa mbili za Kiswahili zingekuwepo. Na mapokezi wakajaribu kutuuzia kifurushi cha michezo ya kompyuta "ya kuongeza IQ". Hapo nilikataa. Michezo hiyo inakufanya uwe mzuri kwenye mchezo huohuo, kuhamia kwenye akili ya maisha ndo shida, na kampuni ya Lumosity kule Marekani mwaka 2016 ilikubali kulipa dola milioni 2 kumaliza mashtaka ya matangazo ya kupotosha ya aina hiyo. Kama kuna kitu kimeonekana kuongeza alama za IQ kwa kweli ni kukaa darasani, uchambuzi mkubwa wa Ritchie na Tucker-Drob wa 2018 ulikuta kila mwaka wa shule unaongeza kati ya pointi 1 na 5. Na shule inataka kumtoa mtoto darasani kwa sababu ya alama!

Mapendekezo ya ripoti ndo sehemu iliyonifanya nisijutie hela. Akaguliwe macho (tulikwenda, yako salama). Aonwe na mtaalamu wa viungo kwa ajili ya mkono, anashika penseli kwa ngumi karibu, sasa anafanya mazoezi ya udongo na kufunga vifungo. Aongezewe muda kwenye mitihani ya darasani. Apewe noti zilizoprintiwa badala ya kunakili ubaoni. Aulizwe kwa mdomo pale mwalimu anapotaka kujua kama kaelewa. Asipimwe tena kwa kipimo hichohicho mapema, maana atakuwa anayakumbuka maswali, tumeambiwa tusubiri kama miaka miwili.

Nitawapendekezea? Ndio, kama mtoto ana shida ambayo hamuielewi na mmeshaangalia macho na masikio, na kama mpimaji anakubali kukaa na nyinyi awaeleze sehemu moja moja. Kama mnataka tu kujua mtoto ana akili nyingi ili mringe, hela hiyo mnunulieni vitabu.

Na kitu kimoja ambacho hatukuambiwa mpaka tulipouliza: ripoti ni ya mzazi, sio ya shule. Sisi shule tuliwapa ule ukurasa wa mapendekezo peke yake. Walipotaka namba tukawaambia maelezo yako kwa mpimaji, mwalimu anayetaka kumuelewa mtoto ampigie simu. Mkuu wa shule hakupiga. Ticha wa darasa alipiga, waliongea muda mrefu, na wiki iliyofuata kijana alirudi nyumbani na noti za sayansi zilizoprintiwa.